Kocha wa Sekondari: Shahidi au Dalali?

Kocha wa chuo kikuu cha Marekani anapompigia simu kocha wa shule ya sekondari kuuliza habari za mwanafunzi, maswali yake hayana siri. Anataka kujua kijana anakimbia kwa muda gani, anaruka juu kiasi gani au anarusha mpira kwa kasi gani. Alama zake za darasani zikoje. Na kama ni mtu wa kusikia anapoelekezwa. Swali la nne, yaani mwili wa kijana huyo umepitia nini hadi kufika hapo, huulizwa mara chache. Likiulizwa, hujibiwa kwa hadhari ya mtu aliyepeleka ng'ombe mnadani: maziwa yatasifiwa, kwato hazitatajwa.

Ukimya huo unastahili kujadiliwa na watu wa afya. Kocha wa sekondari ndiye mtu mzima aliyeuona mwili wa mwanafunzi karibu kila siku kwa miaka kadhaa, tena katika umri ambao mifupa bado inajengeka na moyo bado unakua. Hata hivyo ushahidi wake juu ya mwili huo hauna mahali rasmi pa kupokelewa. Mfumo wa usajili wa vyuo unamtaka awe dalali wa kipaji. Hakuna anayemtaka awe shahidi wa afya. Kazi hii ya pili ina uzito kuliko ile ya kwanza, na shule za Afrika Mashariki zinazopeleka vijana wao Marekani zina sababu kubwa zaidi ya kuidai.

Neno la kocha lina bei kwa sababu mlango ni mwembamba. Ushiriki katika michezo ya sekondari nchini Marekani unazidi nafasi milioni 8 kwa mwaka, katika hesabu inayomhesabu mara mbili kijana anayecheza michezo miwili. Wanaofanikiwa kupata ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo katika vyuo vilivyo chini ya Chama cha Taifa cha Michezo ya Vyuo Vikuu, NCAA, ni takriban asilimia 2 ya wanamichezo wa sekondari. Daraja la tatu la chama hicho halitoi kabisa ufadhili wa michezo. Kwa mchujo mkali namna hiyo, kocha wa chuo hawezi kumtazama kila mmoja kwa macho yake. Humtegemea mtu wa shule, anayetuma video za mechi, anayejua kama kijana amekamilisha masomo 16 ya msingi yanayodaiwa na NCAA, na anayeweza kuthibitisha kwamba muda uliotajwa ulipimwa kwa mtambo wa uwanjani wala si kwa saa ya mkononi ya mjomba.

Ni kweli kwamba nguvu za kocha huyo zimepungua katika baadhi ya michezo. Katika mpira wa kikapu, wavu na soka, klabu za binafsi za majira ya kiangazi zimechukua sehemu kubwa ya kazi ya kuwaonyesha vijana. Lakini katika mpira wa miguu wa Kimarekani, mieleka na riadha, simu bado huenda shuleni. Shinikizo nalo limeongezeka. Tangu mwaka 2018 kuna daftari la pamoja la mtandaoni la wanafunzi wanaotaka kuhama chuo kimoja kwenda kingine, na mwaka 2025, baada ya maafikiano ya kesi mahakamani, vyuo vilivyoyakubali viliwekewa ukomo wa idadi ya wachezaji katika timu badala ya ukomo wa idadi ya ufadhili. Kocha wa chuo sasa anaweza kumchukua mtu wa miaka 22 aliyekwisha kujaribiwa kwingine, akamwacha mtoto wa miaka 17. Mtoto huyo, ili aonekane, lazima awe hana doa.

Katika sekondari nyingi kocha ni mwalimu wa historia, hisabati au mazoezi ya viungo anayelipwa posho juu ya mshahara wake. Malipo yake makubwa ni jina. Kuanzia 1964 hadi 2024 kulikuwa na hati ya kitaifa ambayo mwanafunzi aliitia saini kuthibitisha chuo alichokichagua, na siku ya kutia saini ikageuka sherehe: meza, kofia ya chuo, wazazi upande huu, kocha upande ule, wapiga picha mbele. Hati imefutwa, sherehe imebaki. Shule huzihesabu picha hizo, na wazazi wa mtaa wa pili huzihesabu vilevile wanapoamua mtoto wao akasome wapi. Hapana haja ya kumtuhumu mtu yeyote kwa uovu ili kuona kwamba mwalimu wa namna hii, mwenye kijana wa goti bovu na simu ya chuo inayolia, ana kila sababu ya kulizungumza goti kwa sauti ya chini.

Daktari, kwa upande wake, humwona kijana huyo mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Kabla ya msimu kuanza, fomu hujazwa: mzazi anaandika historia ya maradhi, daktari anasikiliza moyo, anapima shinikizo la damu, anakunja magoti, anatia saini. Uchunguzi huo una maana, hasa maswali yake juu ya kuzimia wakati wa mazoezi na vifo vya ghafla katika ukoo, lakini hufanywa kwa dakika chache juu ya mwili uliopumzika. Kocha anauona mwili uleule ukiwa umechoka. Anajua nani alichechemea Jumanne akakana Jumatano. Anajua nani aligongwa kichwa, akacheka, kisha akauliza mara mbili timu wanayocheza nayo ni ipi. Baada ya jimbo la Washington kutunga sheria mwaka 2009, majimbo mengine yote yalifuata ndani ya miaka michache, kwa jumla yakitaka mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo atolewe uwanjani na asirudi bila kibali cha mtaalamu wa afya. Sheria hizo zimesaidia. Hata hivyo zinatawala siku ya mchezo. Hazimlazimishi mtu yeyote kuliambia chuo kwamba huo ulikuwa mtikisiko wa tatu katika miaka miwili.

Besiboli ndiyo inayoonyesha kwa uwazi zaidi jinsi soko la vyuo linavyoweza kuingia hadi ndani ya kiungo. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alitengeneza upya kano ya ndani ya kiwiko cha mrushaji Tommy John, na upasuaji huo ukabeba jina la mgonjwa. Ulikuwa tiba ya mtu mzima aliyekwisha kurusha kwa miaka mingi katika ligi ya kulipwa. Leo unafanywa kwa vijana wa sekondari. Sababu zake ni kadhaa, lakini mojawapo inajulikana na kila mzazi aliyekaa kwenye jukwaa: katika maonyesho ya vipaji, makocha wa vyuo hukaa nyuma ya uzio na vipima kasi mikononi, na kijana hurusha kwa nguvu zake zote ili tarakimu ipande. Mwongozo uliotolewa mwaka 2014 na ligi kuu ya besiboli pamoja na shirikisho la mchezo huo unasema mrushaji wa miaka 15 au 16 asizidishe mitupo 95 kwa siku, na apumzike siku kadhaa kulingana na idadi aliyorusha. Tangu 2017 vyama vya michezo vya shule vilitakiwa kuwa na kanuni za kuhesabu mitupo. Kanuni za shule, kwa bahati mbaya, huhesabu mitupo ya shule. Ijumaa kijana anarushia shule, Jumapili anarushia klabu, na kati ya hapo hakuna daftari moja linalojumlisha. Anayejua jumla hiyo, au anayeweza kuijua kwa kuuliza tu, ni kocha wa shule. Akiiandika, chuo kinapata kitu ambacho kipima kasi hakiwezi kukionyesha.

Kwa wasichana wa mbio ndefu na za kati, tatizo lina sura nyingine. Katika michezo mingi ya daraja la kwanza la NCAA, makocha wa vyuo wanaruhusiwa kuanza kuwasiliana na mwanafunzi tarehe 15 Juni baada ya mwaka wake wa pili wa sekondari, yaani akiwa na miaka 15 au 16. Ni umri uleule ambao mwili wa msichana unabadilika: nyonga zinapanuka, mafuta ya mwili yanaongezeka kama yanavyopaswa, na muda wake uwanjani mara nyingi husimama au hurudi nyuma kwa msimu mmoja au miwili. Msichana anayeona rafiki zake wakipigiwa simu anaweza kuamua kupigana na maumbile kwa kupunguza chakula. Kwa miezi michache hukimbia kasi zaidi, na hapo ndipo mtego ulipo, maana kila mtu anapiga makofi. Kisha hedhi inakatika, mifupa inapungua uimara, na ufa wa mfupa wa muundi au wa mguu unajitokeza. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilieleza hali hii kwa upana mwaka 2014 kama upungufu wa nishati katika michezo, ikisisitiza kwamba madhara yake hayakomei kwenye hedhi na mifupa, na kwamba wavulana nao hupatwa. Miaka ya ujana ndiyo miaka ya kuweka akiba ya mfupa; kilichokosekana hapo ni vigumu kukifidia baadaye.

Kocha anayemwandikia mwenzake wa chuo kwamba huyu binti amepunguza kasi mwaka huu kwa sababu anakua, mngojeeni, anafanya kazi ya tiba bila koti jeupe. Barua za namna hiyo zipo, na makocha wa vyuo wenye busara huzithamini kuliko orodha ya rekodi. Ila haziandikwi na wengi, kwa kuwa anayeiandika anahofia kwamba mwalimu wa shule jirani ataandika kinyume.

Hofu hiyo ina msingi wa kifedha. Mwaka 1973 NCAA iliruhusu ufadhili wa michezo utolewe kwa mwaka mmoja mmoja, hivyo mwanafunzi aliyeumia aliweza kuupoteza msimu ulipokwisha. Ufadhili wa miaka mingi ulirejeshwa mwaka 2012, na mwaka 2015 mashirikisho makubwa ya daraja la kwanza yakakubali kutomnyang'anya mwanafunzi ufadhili kwa sababu ya kuumia au kushuka kiwango. Kinga hiyo, palipo nayo, huanza baada ya saini. Kabla yake mwanafunzi yuko wazi, na kila ugonjwa unaotajwa unaweza kuwa sababu ya simu kutopigwa tena. Ndiyo maana kulaumu makocha peke yao ni kurahisisha mambo kupita kiasi.

Gharama ya taarifa kupotea njiani ilionekana Texas. Tarehe 24 Septemba 2006, Dale Lloyd II, mchezaji wa mwaka wa kwanza wa mpira wa miguu wa Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Rice, mwenye miaka 19, alianguka baada ya mazoezi ya mbio fupi za kurudiarudia. Alifariki kesho yake. Alikuwa amebeba nakala moja tu ya kinasaba cha selimundu, hali ambayo kwa maisha ya kawaida haimsumbui mtu. Katika juhudi kali zisizo na mapumziko, hasa kwenye joto na upungufu wa maji, chembe nyekundu za mbebaji zinaweza kubadilika umbo, misuli ikaanza kuvunjika, na figo pamoja na moyo vikazidiwa. Familia yake ilifungua kesi, na kuanzia 2010 NCAA ikataka wanamichezo wapya wa daraja la kwanza wapimwe, waonyeshe majibu ya zamani au watie saini ya kukataa. Madaraja mengine mawili yakafuata.

Hapa kuna mabishano ya haki. Mwaka 2012 chama cha Marekani cha wataalamu wa magonjwa ya damu kilipinga upimaji huo wa lazima, kikisema kinga bora ni mazoezi yanayopangwa kwa usalama wa kila mtu: kuanza taratibu, kupumzika kati ya mbio na mbio, kunywa maji, na kusimama mara dalili zinapoonekana. Kilihofia pia wabebaji wabaguliwe. Hoja hiyo ni nzito. Haiondoi, hata hivyo, ukweli kwamba majimbo yote ya Marekani leo hupima watoto wachanga, na majibu mengi hulala katika faili ambalo kijana wa miaka 18 hajui lilipo. Taarifa iliyowahi kujulikana ikasahauliwa ni hasara ya kijinga, na mtu wa kwanza anayeweza kumwambia kijana aitafute kabla ya kufunga mizigo ni kocha wa sekondari.

Mizigo hiyo mingine hufungwa Iten, Eldoret na Dar es Salaam. Tangu miaka ya 1970 vyuo vya Marekani vimekuwa vikisajili wakimbiaji wa Afrika Mashariki. Henry Rono aliweka rekodi nne za dunia mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Mtanzania Suleiman Nyambui alitamba Texas El Paso, akachukua medali ya fedha ya mita 5000 Moscow mwaka 1980. Katika shule ya St Patrick's ya Iten, Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland alifika mwaka 1976 kufundisha jiografia, akawa mmoja wa makocha wa shule mashuhuri kuliko wote duniani. Mwanafunzi wake Peter Rono alikuwa katika chuo kidogo cha Mount St. Mary's, Maryland, alipotwaa dhahabu ya mita 1500 Seoul mwaka 1988. Mkondo haujakauka: Doris Lemngole wa Chuo Kikuu cha Alabama alishinda ubingwa wa NCAA wa mita 3000 kuruka viunzi na maji mwaka 2024 na tena 2025. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alipitia kwanza sekondari ya Houston kabla ya Connecticut na kabla ya kuchaguliwa wa pili katika usajili wa NBA wa 2009, jambo linaloonyesha jinsi mlango wa sekondari ulivyo na nguvu hata kwa mgeni.

Kwa kijana wa Houston, kocha wa chuo anaweza kupanda gari akamtazame. Kwa kijana wa Bonde la Ufa au Kanda ya Ziwa, mara nyingi ana video, muda wa mashindano na neno la mwalimu. Neno hilo linabeba karibu ushahidi wote, na lina mapengo makubwa kuliko ya Marekani. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa wa selimundu, na wabebaji ni wengi katika pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini watoto wengi wa eneo hili hawapimwi wanapozaliwa. Wengi husikia neno selimundu kwa mara ya kwanza kwa Kiingereza, mbele ya fomu ya chuo. Kisha kuna hali ya hewa. Iten ipo karibu mita 2400 juu ya usawa wa bahari, na jioni zake zina baridi. Alabama mwezi Agosti ni joto lenye unyevu mzito, na mwili huhitaji takriban siku 10 hadi 14 za mazoezi ya kupanda polepole ili ulizoee. Kijana aliyefika juzi, anayeona aibu kuomba maji, anayeamini kwamba akipunguza mwendo atarudishwa nyumbani, ndiye anayepaswa kulindwa zaidi.

Inafaa, basi, kocha wa sekondari aandike barua mbili. Ya kwanza ni ile inayojulikana, ya kusifu kipaji, na sharti lake liwe moja: isiseme uongo juu ya umri wala juu ya jeraha pale chuo kinapouliza. Ya pili iwe ukurasa mmoja unaokwenda kwa daktari wa michezo wa chuo baada ya nafasi kuthibitishwa, kwa ridhaa ya mwanafunzi na mzazi, ikitaja aliyoyaona kocha mwenyewe: kilomita za wiki, idadi ya mashindano kwa mwaka, siku zilizokosekana na sababu iliyotolewa, kama kijana aliwahi kuzimia au kuzidiwa na joto, na kama amepimwa selimundu. Masuala ya hedhi na uzito msichana ayaeleze mwenyewe kwa daktari. Kocha anaweza tu kumhimiza. Kocha hasemi ugonjwa, kwa sababu si tabibu. Anasema tukio na tarehe.

Wapo watakaosema hiyo ni kuvunja siri ya mgonjwa. Ingekuwa hivyo kama ukurasa ungetumwa kwa kocha wa chuo, au bila ridhaa. Kanuni za daraja la kwanza tayari huwapa madaktari na wataalamu wa afya ya michezo wa chuo mamlaka ya kuamua nani acheze bila kocha kuwaingilia. Kinachokosekana ni kuwapa watu hao kitu cha kuamulia. Pingamizi la pili ni zito zaidi: mahali penye mawakala na bahasha, nani atamlinda mwalimu anayeandika ukweli? Hapo vyama vya michezo vya shule na wizara za elimu havina budi kusema wazi kwamba mwalimu hapokei kamisheni ya mwanafunzi aliyesajiliwa. Anayelipwa kwa kichwa hawezi kuwa shahidi.

Jambo la mwisho ni simu baada ya safari. Henry Rono mwenyewe alieleza hadharani, miaka mingi baada ya rekodi zake, jinsi pombe ilivyomvuruga. Vijana wengi hufika vyuoni wakiwa peke yao wa lugha yao katika mji mzima, na kliniki ya ushauri inawasubiri wajieleze kwa Kiingereza cha darasani. Usajili ukikamilika, namba ya kocha wa nyumbani hufutwa katika orodha za chuo, ingawa huyo ndiye pengine anayeweza kuitambua sauti isiyo ya kawaida kabla ya mtu mwingine yeyote. Ukurasa wa pili uwe na namba hiyo juu kabisa, na madaktari wa chuo waipige mara moja katika wiki mbili za kwanza, kabla hapajatokea tatizo lolote.